Sakafu Inayopanda

Jumatatu, 3 Aprili

Sijawahi kumwambia mtu hili, hata Bibi: kila masika yakianza, naomba maji yaingie ndani. Yasimdhuru mtu — la! Yalowanishe magodoro tu, Baba akate tamaa, tuhame.

Hayajaingia hata mara moja. Baba ni mwashi, na kazi anaijua. Babu alipojenga hapa mto ulikuwa mbali. Sasa kila mwaka unasogea, na kila mvua zikiisha Baba anamwaga kifusi vyumbani, anapiga zege juu yake. Sakafu inapanda, bati liko palepale. Swichi ya taa imefika usawa wa goti langu. Mlango wa uani kauziba kwa matofali. Madirisha nayo kayaziba, yamebaki matundu ya juu yenye nondo. Baba mwenyewe anatembea kainamisha shingo, ndani ya nyumba yake!

Bibi, mama yake Baba, ndiye pekee anayesimama wima. Leo kanigonga na fimbo: "Mume wangu, umeona? Hatimaye nimejengewa nyumba ya saizi yangu."

Tulicheka. Mama hakucheka.

Jumanne, 4 Aprili

Historia, kipindi cha mwisho. Mwalimu kasema Sahara iliwahi kuwa na maziwa na majani, watu wakachunga ng'ombe na kuwachora kwenye miamba. Mvua zikapungua polepole, vizazi na vizazi, wakahama. Wengi walielekea mto Nile. Kisha akaja kwenye miji ya kale ya bonde la Indus: mafuriko yaliacha tope, watu wakajenga juu ya tope, nyumba juu ya nyumba.

Nikaiona sakafu yetu.

Mwalimu akauliza: kwa nini watu hukawia kuondoka hata wakiona hali imebadilika? Mimi nilikuwa na jibu! Kwa sababu kuna mtu ametoka kupiga zege, halijakauka vizuri, na nyumba nzima inampenda — nani ataanza kumwambia? Mkono ukabaki chini ya dawati.

"Muulizeni Profesa, ndiye anayelala na vitabu!" akasema yule wa nyuma yangu. Darasa zima kicheko. Nikajifanya natafuta kalamu.

Alhamisi, 6 Aprili

Mvua tangu jana. Shule imefungwa. Shangazi kapiga simu kutoka kule mlimani, ana vyumba viwili vitupu. Kamuuliza Baba anangoja nini, mpaka tuote mapezi? Baba kajibu kwamba nyumba ya baba yake haivuliwi kama kiatu kilichotoboka. Akakata.

Mama kaninong'oneza jikoni: wewe ndiye msomi, kamweleze. Mimi! Mimi ambaye dukani naonyesha kwa kidole!

Nimebeba kitabu cha historia, nimemfuata. Alikuwa mlangoni na bisibisi mdomoni. Kageuza bawaba zote: mlango uliofungukia ndani sasa unafungukia nje.

"Shika hapa, mwanangu. Mwaka jana maji yalikuwa yanausukuma huu, si unakumbuka tulivyouegemea? Safari hii yasukume yatakavyo. Yakisukuma, ndiyo yanazidi kuubana. Yenyewe yatatufungia!"

Alikuwa na furaha kama mtoto. Nikashika. Kitabu nimekikalia.

Ijumaa, 7 Aprili

Maji yamefika mlangoni. Baba kaziba nyufa zote kwa matambara na udongo wa mfinyanzi. Hata tone! Anapiga mluzi. Mama kafungasha begi, kaliweka juu ya kabati, hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 8 Aprili

Mchana. Naandika nikiwa juu ya meza, kichwa kinagusa bati.

Asubuhi watu wa uokoaji walipita na mashua. Wakapiga kelele tutoke, kingo za mto zimekatika huko juu, maji yanaongezeka. Nje yalikuwa yamefika kiunoni. Baba akasukuma mlango. Wapi! Akasukuma na Mama. Nikaweka bega na mimi. Wale wakavuta kwa nje, kitasa kikawabakia mkononi. Mmoja akachungulia kwenye tundu la dirisha, akasema wanakwenda kuchukua wagonjwa wa zahanati, wakirudi watukute tumefungua.

Baba alisimama ameshika bawaba zake. Bibi akamwambia taratibu, "Mwanangu, umetufunika kama kuku kwenye tenga." Safari hii hata yeye hakucheka.

Nikasikia sauti yangu.

"Baba, tuyaingize."

"Nini?"

"Maji. Yakilingana ndani na nje, mlango hautakuwa na kinachoubana. Utafunguka."

"Nimejenga miaka yote hii yasiingie," akasema. "Leo niyafungulie kwa mkono wangu?"

Nilikuwa na kila kitu kichwani — Sahara, Indus, vyumba vya Shangazi. Hakuna kilichotoka. Mama alikuwa tayari anampandisha Bibi mezani. Baba akanitazama, kisha akatazama sakafu. Ilikuwa kavu kabisa. Aliipiga sementi laini mwaka huu, inang'aa.

Niliomba hili kila masika. Sikuomba nifanye mimi.

Nilipiga magoti. Nikabandua udongo chini ya mlango kwa mwiko wa uashi wa Baba. Nikachomoa tambara la kwanza, lilikuwa shati langu la zamani la shule. Maji yakaruka mpaka ukutani. Nikachomoa la pili. Nilipofikia la tatu mkono wa Baba ulikuja juu ya wangu, ukatulia hapo. Hakunizuia, wala hakuvuta. Nikavuta mimi.

Sasa yamefika kwenye swichi. Baba amesimama ndani ya maji, kiganja kwenye mlango, anausikiliza.