Mama Mkwe Kang'oa Zulia Langu

Jumamosi, Bariadi. Mvua imenyesha usiku, uani tope tupu. Nimechoka kwa kucheka.

Biashara yangu mpya unaijua, shajara. Kuna vimmea vinaota pembeni ya lambo, pale ng'ombe wanapokunywa maji, vijani vidogo kama punje za ulezi. Wenye matenki ya samaki wa urembo wanavipanda mbele ya tenki, vinatambaa chini ya maji mpaka panakuwa zulia la kijani. Watu wananicheka eti nimeacha mitumba nauza magugu. Nacheka nao.

Mteja wa maana nimempata mmoja, mama mwenye gesti. Alisema anakuja leo jioni kuona mabeseni mawili. Asiporidhika, anaagiza Mwanza. Vimmea nimevilea uani kama vifaranga.

Asubuhi mke wangu Kabula kaenda mashine kusaga. Mimi nimetoka kuoga, nasikia uani mtu anakwangua kitu. Nachungulia dirishani.

Mama mkwe!

Katoka kijijini Zagayu kutusalimia, kakuta mabeseni ya binti yake yameota majani, kaona aibu. La kwanza keshang'oa yote, analisugua kwa mchanga, linang'aa. Mkono unaenda la pili.

Sasa kwetu mama mkwe humtazami usoni, wala huongei naye ana kwa ana. Unampisha. Na mwenzio nina taulo tu.

Nikitoka, nimevunja heshima. Nikinyamaza, nimefilisika.

Mbuzi wetu alikuwa kafungwa pale pale. Nikapaza sauti:

"We mbuzi! Acha hayo majani! Ndiyo kazi yangu hiyo, mteja anakuja jioni!"

Mkono ukasimama. Mama mkwe hakugeuka. Akamwangalia mbuzi.

"Mbuzi wee, mwambie mwenye nyumba, mtu mzima analima kwenye beseni la kuogea, mimi ningejuaje?"

"Mbuzi, mwombe mayu, mama yetu, msamaha. Ila mwambie yakikauka nimekwisha."

"Mwambie atulie. Kwani mpunga hatung'oi tukapanda tena?"

Mbuzi anatafuna tu, wala habari hana.

Basi mama akakunja kitenge, akarudisha tope kwenye beseni, akaanza kuchomeka kimmea kimoja kimoja, kama yuko kwenye jaruba la mpunga. Mistari imenyooka! Mimi nilikuwa nafukia mafungu mafungu kama mtu anaficha kitu. Alipomaliza, akalivuruga na la pili, akalipanga upya. Kabula aliporudi akakuta mama yake kainama uani, mumewe kang'ang'ania dirisha na taulo. Kacheka mpaka unga ukamwagika.

Jioni mama wa gesti kafika. Kainama, katazama mstari kwa mstari.

"Nani kapanda hivi?"

Nikasema ni mama mkwe wangu.

"Nachukua yote. Ila kesho aje huyo huyo anipandie kwenye tenki."

Nimeruka mpaka ndala ikakatika!

Mama mkwe kakubali, kasema kupitia Kabula kwamba nguo ya kwendea mjini anayo. Asubuhi tunatoka, yeye mbele, mimi nyuma na mabeseni.

Furaha imenijaa, usingizi hauji. Ila najiuliza: tenki lenyewe ni la kioo pande zote, mimi nitasimama upande gani?