Miezi ya Kula Bila Chumvi

Jumatatu, 3 Juni
Nimepuliza salfa mikorosho arobaini peke yangu, alfajiri mpaka saa tatu. Shamba la jirani watu wawili na mashine moja wamepuliza thelathini. Mimi nina miaka sabini na mbili. Naandika ili mtu asije akasema ni uongo.
Nyumbani ugali wa muhogo na kisamvu. Hakina chumvi. Siku ya ishirini na tatu leo.
Mila ni mila. Mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi chunguni. Anatundika shanga nyekundu kwenye msumari wa kitanda, mume anaziona, anajua. Chumvi inatiwa na mtoto, au na bibi aliyekwisha kukatika damu. Binti yetu Zaina alipokuwa mdogo alitia yeye. Kaolewa, yuko mjini Mtwara. Nyumba ina watu wawili.
Naweza kujitilia mwenyewe. Sijitilii. Mama yangu alisema mwanaume anayejitilia chumvi ni mgane. Mke wangu hajafa. Nakula hivyo hivyo.

Jumanne, 4 Juni
Mama Zaina kaanguka shambani. Alikuwa anafagia majani chini ya mikorosho. Nikamwona kalala ubavu, nikamgombeza, nikidhani anapumzika. Nikaona kanga yake ina maua mekundu. Nikajiuliza kanga hii kanunua lini.
Haikuwa maua.
Nimembeba mpaka barabarani. Mwenyewe. Hapo nikamsimamisha wa bodaboda, tukamweka katikati.

Ijumaa, 7 Juni
Hospitali. Daktari ni binti mdogo, umri wa Zaina. Kasema damu ya mke wangu imepungua sana, na wametoa kinyama tumboni kwenda kukipima. Kampa dawa za kuzuia na vidonge vya kuongeza damu.
Kaniuliza hali hii ina muda gani. Nikasema wiki tatu. Mama Zaina akasema mwaka na nusu.
Sikujua. Shanga naziona zimetundikwa, zimeshushwa, zimetundikwa tena. Kuhesabu sikuhesabu.

Jumatatu, 17 Juni
Idi. Pilau katia chumvi Zaina, kaja na mumewe. Nimekula sahani tatu.

Jumatatu, 24 Juni
Majibu. Si saratani. Alhamdulillahi.
Daktari kasema ni umri. Ana miaka hamsini na moja, damu inataka kukatika na haijui njia ya kuondokea, inakuja ovyo. Mambo mawili. Kutoa mji wa uzazi, au kuweka kitanzi chenye dawa. Nikasema kisu hapana. Mke wangu hakatwi kama muhogo. Nimeamua mimi kitanzi. Zaina anasema mama alishaamua kabla sijaingia. Aseme anavyotaka.
Nilionyeshwa kabla hajawekewa. Kidude kidogo, kina umbo la herufi T. Wenzangu wa rika langu wangeona kijiti. Mimi kisomo cha watu wazima nilikuwa wa kwanza, na mwalimu alituambia asiyeandika kila siku anarudi gizani. Ndiyo maana naandika.
Kitanzi kinatoa dawa kidogo kidogo humo ndani. Damu itatoka matone matone miezi mitatu, pengine sita, kisha itapungua au itakauka kabisa. Avumilie. Nikamwambia daktari miezi sita ni mingi. Akasema kuvumilia ni kwa mama, si kwako. Binti ana mdomo.

Jumapili, 7 Julai
Matone. Shanga ziko msumarini. Ming'oko, mizizi ya porini, imechemshwa bila chumvi. Ni kama kutafuna kamba.
Mama Zaina kichwa kinamuuma. Maziwa yanamuuma. Joto linampanda ghafla, anatoka jasho hata akiwa kakaa kivulini, anavua mtandio, anautupa. Jana kalia kwa sababu kifuniko cha sufuria kimedondoka. Nimeenda kunoa panga.

Ijumaa, 12 Julai
Baada ya sala nikapita kwenye kahawa. Habari imefika. Mtu kamwona hospitali, dirisha la uzazi wa mpango.
Bakari fundi baiskeli ni Myao, mtani wangu. Akaanza mbele ya watu wote. "Mzee, umri huo mnaogopa mimba? Au kitanzi hicho ni cha kutundikia kofia?"
Wakacheka. Nikaona nikinyamaza nimekwisha. Nikamjibu: "Mtani, mkorosho wa zamani ndio wenye korosho nzito. Madaktari mimi wamenishindwa, wakaona wamfunge yeye."
Walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Nimenyweshwa vikombe vinne. Bakari kanipa mkono kwa heshima.
Nimerudi kifua mbele. Kweli yenyewe tunaijua wawili, mimi na yeye. Hata humu siiandiki.

Jumamosi, 20 Julai
Wanawake walikutana kwa Bi Somoe, mkuu wa unyago. Wari wataingia wakimaliza mtihani wa darasa la saba. Mama Zaina ni kungwi miaka kumi na tisa. Mwaka huu alikuwa apewe chungu.
Nieleze, nisije kusahau. Chungu cha wari kinatiwa chumvi na mwanamke mmoja tu, anayeaminika, ambaye damu yake imekatika au iko mlangoni. Ndiye anayewafundisha shanga. Nyeupe maana yake nini, nyekundu maana yake nini, na kwamba mwanamke hadanganyi kwa shanga hata siku moja. Mama Zaina kakingoja chungu hicho kama mtu anavyongoja kwenda Maka.
Karudi mapema. Kakaa uani. Hakupika.

Jumapili, 21 Julai
Nimekula mihogo mibichi.

Jumanne, 23 Julai
Kasema leo. Alikuwa anachambua mbaazi, hakuinua macho.
Bi Somoe kamwambia mbele ya wanawake wote: mwenzetu unatundika nyekundu, unatwambia umri wako umefika, unaumwa, kumbe mumeo anajisifu kahawani kwamba mnalala kama maharusi na umewekewa kitanzi usizae. Kungwi anayedanganya kwa shanga atamfundisha nani?
Kawaeleza daktari alivyosema. Hawakumsadiki. Mwanamke mmoja kamuuliza kama mumewe naye ni mwongo.
Akaniuliza: "Umewaambia nini kahawani, Baba Zaina?"
Nikasema wanaume wanaongea tu.
"Basi nenda ukaseme kweli. Mara moja tu. Mimi nimekustahi mwaka mzima, nistahi siku moja."
Nikasimama. Nikasema siendi kujivua nguo mbele ya Bakari. Nikatoka.
Nimezunguka shamba lote. Mikorosho inachanua. Sikuona chochote.

Alhamisi, 25 Julai
Kaenda zahanati peke yake. Kakitoa.
Muuguzi kamsihi, kamwambia arudi kwa daktari kwanza. Kakataa. Kamwomba ampe kitanzi chenyewe. Kakifunga kwenye kitambaa, kapita nacho kwa Bi Somoe, kakiweka mkekani. Kisha karudi nyumbani.
Kaniambia: "Sasa sina kitu cha wewe kujisifia."
Nilijiambia labda ni heri, kidude kile hakikuwa kinasaidia, matone tu kila siku. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumatano, 31 Julai
Hakuna damu. Shanga nyeupe msumarini. Mboga ina chumvi. Tamu.
Nilimwambia umeona. Kaendelea kula.

Ijumaa, 9 Agosti
Shanga nyekundu.

Jumapili, 11 Agosti
Inatoka kuliko mwanzo. Kabadilisha vitambaa tangu asubuhi, nimeacha kuhesabu. Midomo imekuwa rangi ya jivu. Nikasema twende. Akasema ngoja kesho, labda itapungua. Nikampigia Zaina. Kwanza kalia, kisha kanitukana. Mtoto wangu kanitukana, na sikumkatiza.
Zaina kamtuma mtu wa bajaji. Mama Zaina kichwa kilikuwa pajani pangu. Njiani kaniuliza kama nimefunika mbaazi. Nilikuwa sijafunika. Nikamwambia nimefunika.

Jumatatu, 12 Agosti
Wanataka damu. Ndugu wachangie. Nikakunja mkono wa shati, nikasema chukueni kwangu, mimi nina damu ya watu watatu. Kijana wa maabara akauliza umri. Nikasema hamsini na tisa. Akaangalia kitambulisho. Akasema mzee, umri umepita, kaa pale.
Nimekaa pale.
Zaina damu yake haitoshi, naye aliumwa malaria wiki iliyopita, wamemkataa. Mume wake katoa. Haikutosha. Nikapiga simu. Nilimpigia nani? Bakari. Namba nyingine sikuwa nayo.
Kaja na baiskeli ya mteja, mikono ina grisi. Kanawa, kalala kitandani, katoa. Alipotoka kashika pamba mkononi, akakaa karibu yangu kwenye benchi. Hakutania. Ningependa angetania.
Nikamwambia. Nilikuwa naangalia sakafu.
Nikasema, mtani, niliyokwambia kahawani ni uongo. Mama Zaina sijamgusa mwaka na zaidi. Na si kwa sababu ya ugonjwa wake. Mimi ndiye siwezi. Ilianza kwangu kabla ya kwake. Yeye anajua, hajamwambia hata binti yake. Kitanzi kilikuwa cha kumzuia asife, na kakitoa kwa ajili ya mdomo wangu.
Sasa nimeandika hata humu.
Bakari kaitupa pamba. Kisha kasema, "Kaka, hayo uliyonipa mimi nitayazika. Lakini uliyoyasema kahawani yamezikwa na nani?"

Jumatano, 14 Agosti
Yuko hai. Anafumba macho nikiingia.

Jumatatu, 19 Agosti
Daktari yule yule. Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza, ndiyo mbaya zaidi. Alizungumza na Mama Zaina tu. Kisu au kitanzi tena. Mama Zaina akasema kitanzi tena. Kawekewa kingine. Miezi mitatu mpaka sita inaanza upya.
Daktari kanipitia mlangoni akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Akaniambia nirudie. Nimerudia kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Ijumaa, 23 Agosti
Baada ya sala nikaenda kwenye kahawa. Niliagiza kikombe kimoja, sikukinywa. Nikasimama.
Nilisema machache. Kwamba mke wangu alikuwa anavuja damu mpaka kufa na kitanzi kile ni dawa. Kwamba shanga zake zilisema kweli kila siku. Kwamba mwongo ni mimi, na kwa nini nilidanganya, nikasema na hilo. Kwamba waende wakawaambie wake zao, maana najua yale ya kwanza waliyafikisha.
Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alianza kukohoa ili kupisha jambo. Bakari alikuwa anaangalia kikombe chake.
Nimepita kwenye mikorosho nisionekane.

Jumapili, 25 Agosti
Bi Somoe kaja na mkungu wa ndizi. Kakaa na Mama Zaina uani. Nilijitenga nyuma ya nyumba, lakini masikio yangu ni mazima, nasikia kuliko vijana.
Kamwomba radhi. Kasema kweli imewafikia. Lakini chungu ameshapewa mtu mwingine na wazazi wa wari wameshaarifiwa. Labda mwaka mwingine, Mungu akipenda.
Mama Zaina kasema sawa. Kamshukuru kwa ndizi.
Alipoondoka kazishusha shanga zote, nyeupe na nyekundu, kazifunga kwenye kitambaa, kaziweka chini ya sanduku. Ni kama kaning'oa na mimi machoni pake. Msumari umebaki mtupu.

Jumamosi, 7 Septemba
Matone. Kichwa. Joto. Anatembea mpaka mlangoni, anashika mhimili, anarudi. Naokota korosho za mwanzo peke yangu, nachota maji mwenyewe. Sijisifu. Nataja tu.
Hatuongei. Si ugomvi. Hakuna kitu cha kusema kilichobaki.

Jumanne, 17 Septemba
Ngoma ya wari imepigwa kutwa upande wa Bi Somoe. Mama Zaina alikaa uani, mgongo kwenye ukuta. Midomo ilikuwa inafuata nyimbo. Sauti haikutoka.

Jumatano, 18 Septemba
Leo kapika, mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Mbaazi na ugali. Kaweka bakuli langu, kaweka lake, kakaa. Alivyozoea.
Nikanyanyuka, nikaingia jikoni. Sijui vitu vinakaa wapi. Miaka thelathini na moja sijui. Nimefungua kopo la majani ya chai, nimefungua la unga, nimemwaga pilipili. Chumvi ilikuwa kwenye kopo la maziwa nyuma ya mafiga.
Nilitia kwenye bakuli lake kwanza. Kisha kwenye langu.
Kaniangalia mkono. Hakusema mila, hakusema mama yangu. Kaonja.
"Imezidi," kasema.
Kala yote.
Kesho nitapunguza.