Tangu Nianze Kupika Tambi za Kuku, Baba Mkwe Anataka Kuhama

Shangazi mpendwa, shikamoo, na naomba unisaidie upesi kabla mzee wangu hajafunga begi, maana moyo ni mzito na sina wa kumwambia, mume wangu nimemwambia akacheka, na wenzangu kazini wananiambia nishukuru, eti wao wanatafuta mbinu za kuwaondoa wakwe na mimi wangu anaondoka mwenyewe nalia.

Mimi ni mshonaji wa mapazia, mume wangu ni fundi wa friji, tuna watoto watatu, na tunaishi na baba mkwe ambaye alikuwa fundi mwashi mpaka magoti yalipomgomea. Tangu mama mkwe afariki anakaa chumba kinachotazamana na jiko, kwa hiyo nikipika ananisikia na mimi namsikia, anakohoa, anahangaika na redio yake, ananiuliza leo chumvi nimetia au nimeisahau kama jana. Shangazi, mimi sikulelewa na baba, huyu ndiye baba niliyempata, na nilipoolewa, ndugu wakanong'ona kwamba sijui kupika, ndiye aliyewaambia mwanawe ameoa mke, hakuajiri mpishi.

Sasa kisa chenyewe. Kazi za mume wangu zilipopungua, kuku mzima akawa wa kumsikia kwa majirani, na zamani Jumapili yetu ilikuwa kuku wa mchuzi, kila mtu na kipande chake, paja la babu, hilo halina mjadala, na watoto wanagombania mabawa mpaka natamani kuku angezaliwa na mabawa sita. Basi mwenzangu kazini akanifundisha tambi za kukaanga, unachukua kidari kimoja tu, unakikata vipande vyembamba vyembamba, unaweka karoti, kabichi, pilipili hoho, kitunguu, tangawizi, sosi ya soya kidogo, moto mkali, unachanganya na tambi ulizochemsha, na nyumba nzima inakula inashiba. Sikuamini, Shangazi. Sahani zote sawa, hakuna bawa wala paja, hakuna aliyelia, mume wangu akaniita waziri wa fedha, nami nikajiona nimeula.

Isipokuwa baba mkwe. Alikula, akashukuru, lakini akamaliza kabla ya wote akarudi chumbani kwake, na Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Nikadhani anaona nimemshusha cheo kwa kumnyima paja, ingawa hilo paja lenyewe hata hakuwa analimaliza, alikuwa anamega kidogo anasema meno yamechoka, kisha linaanza safari ya kuzunguka meza, kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, na nilipokuwa na mimba ya huyu mdogo tunayemwita Kifungo alikuwa ananisogezea ngozi yote kwa sababu alijua naitamani. Lakini nikasema wazee ni wazee, nitamrudishia heshima yake, nikawa nikipakua jikoni nachagua vipande vya kuku navirundika kwenye sahani yake.

Akaangalia sahani, akachota vile vipande akataka kumwekea Kifungo, na mtoto akaziba sahani yake kwa mkono akasema, "Ninayo, babu. Kula yako." Nilifurahi, nikaona mwanangu ana adabu. Mzee akaweka uma chini, akaniambia taratibu, "Mwanangu, mimi sina njaa." Nyama akaiacha pale pale.

Juzi amemwambia mume wangu kwamba mwisho wa mwezi anakwenda kukaa kwa wifi yangu, kwamba sisi mzigo wetu unatutosha, na begi amekwisha kulishusha kutoka juu ya kabati analipangusa vumbi. Mume wangu anasema nimwache, atarudi mwenyewe. Shangazi, nimwombe radhi kwa kosa gani? Niache tambi nirudie mchuzi tusioumudu? Nampenda huyu mzee na sitaki aondoke.

Mimi, Mshona Mapazia

SHANGAZI ANAJIBU

Mshona Mapazia, marahaba, futa machozi usogee hapa nikugombeze kidogo. Unajua kupima dirisha la mtu usilipunje hata kidole, lakini barua yako mwenyewe umeiandika bila kuisoma. Mzee amekwambia hana njaa. Wewe ukasikia nini? Ukasikia anadai nyama!

Baba mkwe wako hakukosa paja. Alikosa cha kumpa mtu. Hebu mfikirie, mwanaume aliyejenga nyumba za wenzake maisha yake yote, leo chai anapelekewa, nguo anafuliwa, redio ikiharibika anatengenezewa na mwanawe. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinatoka mkononi mwake kwenda kwa mtu mwingine, nalo ni lile paja la Jumapili. Nyie mlimwona anakula, kumbe alikuwa anagawa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na huyu mzee ameuona mkono wake ni mtupu mezani kwenu, tena mbele ya mjukuu wake. Ndiyo maana anajiita mzigo.

Sikulaumu sana, mama. Kulisha watu sita kwa kidari kimoja si mchezo, na huyo mume anayecheka mwambie Shangazi amemsikia. Tambi usiziache. Tena nikusaidie hapo hapo, nunua kidari chenye mfupa, mfupa uuchemshe na supu yake ndiyo uchemshie tambi, uzitoe zikiwa bado ngumu kidogo zimalizikie kwenye kikaango. Kuku kwanza, akiiva mtoe kando, ndipo karoti na kabichi, hoho mwishoni. Ukivitupa vyote kwa mpigo vitatoa maji na utakuwa umepika uji wa tambi.

Ila hiyo kazi ya kukata si yako peke yako. Mtu aliyepanga matofali miaka yote ana jicho la kukata karoti zikalingana kuliko mimi na wewe. Mwekee kiti jikoni, ubao na kisu, umwambie, "Baba, nimezidiwa, nikatie." Usithubutu kumwambia apumzike. Amepumzika vya kutosha, ndiko huko kunakomuumiza.

Watoto nao uwafunze. Babu akitoa, mtoto anapokea na kusema asante, hata kama sahani yake imefurika. "Ninayo" ni jibu la kumpa muuza duka. Kifungo hana kosa, hajui, lakini wewe uliyekuwa pale ukafurahi ulipaswa kujua.

Kuhusu begi, usiliguse, usilifiche, wala usimpigie magoti ukimbembeleza, maana mtu anayejiona mzigo ukimbembeleza anaona ndiyo umemwonea huruma. Kesho mwambie kwa mdomo wako hicho ulichoniambia mimi, kwamba yeye ndiye baba uliyempata. Hilo si la kumwandikia Shangazi, ni la kumwambia mwenyewe, na ninashangaa umelikalia mpaka leo.

Kisha Jumapili usipakulie jikoni. Leta chakula chote mezani, sahani tupu zipange mbele yake, umpe kijiko cha kupakulia, ukae. Hatagawa sawa, nakuonya mapema. Kifungo atapata nyingi, na huyo waziri wako mkuu wa kucheka huenda akaambulia kabichi. Nyamaza. Usawa wako ni mzuri, mama, lakini mzee ana wapenzi wake na ana haki ya kuwapendelea.

Na zamu yako ikifika, akaanza kuchambua vipande vya kuku akikurundikia wewe kuliko wote, usiseme, "Inatosha, baba." Mpokee sahani kwa mikono miwili, ukae karibu yake, ule mpaka uimalize naye anakutazama.