Nilivyomwalika Baba Mkwe wa Subilaga

Mbeya, Alhamisi, mwezi wa Julai 1957

Baridi ya leo inauma mpaka kwenye meno. Mlima Loleza haujaonekana tangu asubuhi, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya soko, nami nimeshinda maktaba na shuka mbili mabegani kama mgonjwa. Hakuja msomaji. Hata wale wazee wawili wanaokuja kutazama picha za magazeti hawakuja.

Sina hamu ya kuandika. Lakini nisipoyaandika haya yataniozea tumboni.

Hiyo tunayoiita maktaba ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa welfea, ule wa serikali wa mikutano na burudani: makabati mawili ya vitabu, mabenchi sita na ubao. Kila Jumanne alasiri, tangu niliporudi kutoka Iringa nilikojifunza kazi hii, nimewafundisha humo kina mama kusoma. Wengi wao ni Wanyakyusa ambao waume zao wana kazi hapa mjini. Wapo waliokuja na watoto mgongoni, wapo waliokuja kwa kujiiba, wakisema nyumbani wanakwenda sokoni. Tangu mume wangu afariki sijapata kitu kingine cha kukipenda hivi. Nasema kweli, sioni haya.

Bwana Maendeleo, yule ofisa Mzungu anayesimamia ukumbi, hakuwahi kuliamini darasa langu. Mwezi uliopita aliniambia niandae siku moja ya wazi, wanawake wasome mbele za watu. Wakisoma, darasa litabaki. Wasiposoma, vitabu vitapelekwa Iringa kwenye wasomaji, na chumba kitawekwa meza ya mpira kwa ajili ya vijana.

Sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na Subilaga.

Subilaga ni mke wa dereva wa lori la barabara. Alipokuja mara ya kwanza alishika penseli kama mtu anayeshika mwiko wa ugali. Sasa anasoma gazeti ukurasa kwa ukurasa, na kuniuliza maswali ambayo mimi mwenyewe hunibidi niende kuyatafutia majibu. Nikampanga asome wa kwanza.

Ningeishia hapo leo ningekuwa nacheka. Lakini marehemu mama alikuwa akinikanya tangu utotoni kwamba kiherehere changu kitaniponza, na kweli kimeniponza. Niliona haitoshi wanawake wasome mbele ya Mzungu tu. Nilitaka na wazee wao waone kwa macho yao, waache kusema kwamba darasa langu ni kijiwe cha wavivu. Nikaomba lifti ya lori mpaka Uyole, nikamtafuta baba mkwe wa Subilaga. Ni mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimika, na nilijua akija yeye na wengine watakuja. Nikamwambia kuna siku ya kusoma, karibu. Nani atasoma, sikumwambia. Wala Subilaga sikumwambia kwamba mkwewe anakuja. Nilitaka wote wawili washtukie furaha.

Nilijua mila yao. Hilo ndilo ninalotaka kulikiri hapa.

Baba yangu alikuja Mbeya na biashara ya nguo kutoka Kilwa, lakini mimi nimezaliwa hapa hapa. Tangu mtoto nimewaona wanawake wa Kinyakyusa wakiacha njia na kujificha majanini mkwe akipita. Mwanamke haonani na baba wa mumewe, hamtazami, wala jina lake halitaji. Ni heshima, na mzee naye anaificha sura yake vivyo hivyo. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani. Nilijiambia tu kwamba huyu ni mzee wa kanisa, ameshaachana nayo, na kwamba mjini ni mjini. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Basi, Jumanne. Wazee, mkwe akiwemo, wamekaa benchi la mbele ukumbini, Bwana Maendeleo pembeni yao, wazee wamejifunika mablanketi yao. Wanawake wako ndani ya maktaba, mlango umefungwa, nimewakataza kuchungulia. Nikafungua, nikamwita Subilaga.

Akatoka na kitabu, kichwa juu, kanga mpya. Akasimama nyuma ya meza. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti safi kabisa, mpaka machozi yakanilenga. Kisha akainua macho, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe, kwamba msomaji mzuri huwatazama watu wake.

Kitabu kikaanguka. Yeye akaanguka chini nyuma ya meza, akajifunika kanga kichwa kizima. Mzee naye alishasimama, amejivutia blanketi usoni, anapapasa ukuta akitafuta mlango, anagonga benchi. Mtu mzima, mzee wa watu, anapapasa kama kipofu kwa sababu yangu. Wanawake wengine walipoona, wakamzunguka Subilaga, wakamtoa kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyerudi.

Bwana Maendeleo akapiga makofi. Alidhani ni mchezo wa kuigiza.

Alipogundua si mchezo, akaniuliza kuna nini. Wote walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema, "Nimewaaibisha watu hawa, kosa ni langu." Maneno machache tu. Badala yake nikasema, "Ameogopa, bwana. Kusoma bado hakujamkaa vizuri."

Akaandika kwenye karatasi yake.

Jana barua ikaja. Vitabu vitafungwa wiki ijayo viende Iringa. Sababu iliyoandikwa ni kwamba mwanafunzi bora wa darasa ameshindwa kusoma.

Leo mchana mume wa Subilaga amekuja. Hakukaa. Alitoa kitabu cha darasa ndani ya kitambaa, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

"Bibi Mwalimu, kitabu yako hii. Tumeifuta vumbi."

Nikamuuliza hali ya mkewe.

"Yupo. Haongei. Na baba tangu siku ile hataki kula chakula ya nyumbani kwangu, mpaka tukae na wazee, tuyamalize." Akakikunja kile kitambaa. "Wale kina mama wenzake wanasema ni yeye amevunja darasa. Wanasema angesoma tu, chumba ingebaki. Wewe Bibi umewaambia hivyo?"

Nikasema hapana. Ni kweli sikuwaambia wao.

Akaniambia, "Ndaga, Bibi," shukrani ya kwao, bila hasira yoyote, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Tangu hapo nimekaa. Nimeshindwa kufagia, nimeshindwa kula. Nalia, naacha, nalia tena. Darasa limekufa na sitalifufua, hilo nimeshakubali. Mzee wa watu nimemvua heshima yake mbele ya hadhara. Na mwanamke mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha ameandikwa serikalini kwamba hajui kusoma, na wenzake wanamnyooshea kidole njiani, kwa sababu mimi sikutaka kuonekana mjinga mbele ya Mzungu.

Kwenda kwa Subilaga kuomba radhi sasa hivi naona ni kujipunguzia mzigo mimi mwenyewe. Kwanza lifutwe lile lililoandikwa. Kesho ofisi ikifunguliwa saa mbili nitakwenda kwa Bwana Maendeleo, nimwambie kwamba Subilaga anasoma, kwamba hakuogopa, kwamba nilimdanganya. Kazi yangu itakwenda na vitabu. Iende. Kisha niwakusanye kina mama, niyarudie maneno hayo hayo mbele yao, Subilaga asikie au asisikie.

Nimeyajaribu maneno hayo mara tatu hapa peke yangu, nimesimama mbele ya mabenchi matupu. Mara zote tatu nilipofika kwenye "nilikudanganya", sauti ikakatika.

Ee Mola wangu, na nikifika pale mbele ya meza ya Bwana Maendeleo nikaogopa tena?