Sauti Asiyoijua Malimi

Uyole, Mbeya

Baba Malimi,

Salamu zangu ni nyingi kuliko magunia ya mpunga wa Usangu. Mahindi yamebeba vizuri.

Kile kinyama cha kooni kimetoka. Daktari hakunilaza usingizi. Alinipulizia dawa ya ganzi, nikakaa kwenye kiti nikiushika ulimi wangu kwa kitambaa, naye akichungulia kwa kioo kidogo. "Sema iii, mama." Nikasema, akakinyofoa kwa koleo refu. Kisha akanikataza kusema, hata kunong'ona.

Wageni wakija nilipiga magoti tu, kimya. Walipoguna, mama yako aliwaambia, "Mkwe wangu hajanuna. Daktari kamfunga mdomo, na masikio yangu yamepumzika!"

Sikukuandikia kwamba niliogopa sauti isingerudi kabisa. Jana niliruhusiwa kusema, nikamwita Malimi. Mtoto akatazama nyuma yangu, akimtafuta aliyeita. Tangu azaliwe ananijua kwa sauti ya mkwaruzo tu. Nililia kidogo. Kisha nikambeba mgongoni, nikamwimbia polepole mpaka shavu lake likalala begani kwangu.

Omba ruhusa hapo kwenye kazi ya mbao Mafinga, uje nawe unizoee.

Ni mimi mkeo,
Nyamizi