Siku Arobaini na Tisa na Saa Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Zahanati moja imeturudishia mashine ya oksijeni. Mgonjwa alianza kubadilika rangi ya midomo huku mashine inanguruma kama kawaida — na king'ora kimya! Muuguzi alishtuka, akamletea mtungi wa oksijeni. Amepona, bahati tu. Mkuu wa kampuni yetu anasema ni nyaya. Fundi wetu, tunayemwita Waya, amekasirika, kila baya anasingiziwa yeye. Ameifungua, amepima. Nyaya zote nzima. Akanitazama mimi, mwandishi wa programu. Nimenuna mchana kutwa.

Jumanne, 4 Machi

Ni mimi.

Ni kipima muda changu, kile kinachopanga kazi zote ndani ya mashine: geuza vali, pima oksijeni, piga king'ora. Kinahesabu milisekunde tangu mashine iwashwe. Namba ikijaa, inarudi sifuri. Kazi zote zinabaki zikisubiri namba ambayo imeshapita. Pampu inaendelea kusukuma hewa — hewa tupu, hii tunayovuta bure barabarani. Namba inajaa baada ya siku 49 na saa 17.

Na hatukuwahi kuiona! Kila Jumamosi Waya anazima kila kitu karakanani, anafagia, anafunika meza. Hakuna mashine ya majaribio iliyowahi kukaa macho zaidi ya siku sita. Mimi ndiye niliyeandika kwenye fomu: imejaribiwa miezi minne. Mjinga mkubwa!

Halafu nikamkumbuka Baba. Mashine yetu iko chumbani kwake tangu 20 Januari, niliipeleka mwenyewe, nikajisifu weee. Nikampigia wifi, ndiye anayemuuguza: izime, hesabu mpaka kumi, iwashe. Akauliza kuna nini. Matengenezo tu, nikasema. Nyuma yake Baba akakohoa, akasema mwambie huyo binti mimi si redio. Nikacheka. Kisha nikaenda kulia chooni.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Mkuu. Akafunga mlango. Mkataba mpya unasainiwa Ijumaa, tukizipigia zahanati simu leo tumekwisha sote, hata Waya na wanawe wanne. Programu iliyorekebishwa itapelekwa wiki ijayo, kimyakimya. Siku mbili tu, anasema.

Nikasema sawa. Nilisema sawa!

Alhamisi, 6 Machi

Sikufanya lolote. Wifi anasema Baba amekula vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu yuko kwenye mkataba wake. Asubuhi Waya amenikuta nimeinamia daftari la mashine zilizotoka, kumi na moja. Nikamwaga yote. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Amevuta kiti, akasema wewe piga, mimi nakusomea namba.

Nane za kwanza salama. Kwao umeme unakatika kila wiki, mashine zinazimika na kuanza upya. Sijawahi kushukuru giza namna hii.

Ya tisa amepokea muuguzi, mchangamfu kweli. Yetu? Haijazimika hata dakika, dada, umeme ukikatika betri inashika, tunaitunza kama yai! Nikauliza iliwashwa lini. Akasoma kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: 16 Januari, saa kumi na moja jioni. Waya akahesabu kwa vidole, akarudia kwa kalamu. Imejaa leo saa nne asubuhi.

Ukutani kwetu ni saa nne na dakika ishirini.

Kuna mgonjwa? Yupo, bibi mmoja, leo katulia sana, wala hasumbui. Nikapiga kelele — mtazame midomo! Mpe mtungi, izime hiyo! Ameiacha simu mezani. Nimesikia kandambili zake zikienda. Sasa nasikia mashine tu. Naijua sauti yake. Inanguruma vizuri kabisa.

Naandika huku nimebana simu sikioni. Waya kashika kichwa. Namba hii ya simu ilikuwa kwenye daftari hilihili Jumanne, nilipompigia wifi.

Kandambili zinarudi. Zinakimbia.