Sauti Zilizofukiwa Shaw

College Park, Maryland, 2008

Mpendwa kaka Gwamaka,

Juzi nilipita mtaa wa Shaw, kule Washington, kwa mara ya kwanza tangu tukusafirishe nyumbani. Pale ilipokuwa nyumba ya Bibi Earline pamezungushiwa uzio. Ya jirani imeshakamilika, ina madirisha mapana na mgahawa chini, na vijana wamekaa nje wanakunywa kahawa juani. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Nikarudi zangu kwenye treni. Tangu hapo sina raha mpaka nikuandikie.

Unakumbuka ile sidii ya kwanza? Pale ghalani Landover, ulikokuwa unashusha maboksi ya muziki, zile zilizopasuka kasha walikuwa wanawaachia wafanyakazi. Ukaja nayo nyumbani, ukakaa jikoni hata koti hujavua. Ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo za zamani za R&B za Washington, zilizookotwa kutoka kwenye santuri ambazo hakuna aliyezikumbuka. Ukaniambia kila mtu anaimba sifa za Detroit na Memphis, na mji huu wanaujua kwa serikali tu. Kumbe hapa hapa palikuwa na wasichana wakiimba kwenye vibaraza, na wanaume wakirekodi kwenye vyumba vya chini ya nyumba, kisha wanauza santuri zao kwenye buti la gari. Halafu kimya.

Ukaleta ya pili, ukaleta ya tatu. Mimi nasonga ugali, wewe unasoma kile kijitabu cha ndani. Karibu kila jina ulikuwa unatua kidogo. "Huyu naye marehemu, Tusa." Wengine waliandikwa kwamba hawajulikani walipo. Nikakwambia zima, ni kama tunasikiliza makaburi. Ukaongeza sauti.

Kwenye ile ya tatu kulikuwa na wimbo wa wasichana watatu. Waliowakusanya walipata majina ya kwanza tu, na moja lilikuwa Earline. Wakati ule mimi nilikuwa namhudumia bibi wa jina hilo huko Shaw, na kila nikimwosha miguu alikuwa anaimba kitu puani. Nilikitambua kabla wimbo haujafika katikati. Nikaacha mwiko kwenye sufuria.

Tulimpelekea sote wawili. Alisikiliza mpaka mwisho huku anatazama ukuta. Ukamuuliza kwa upole kama ni yeye. Alituambia wenzake wawili walishakufa, kisha akasema, "Mmetuchimbua. Lakini mtu huchimbuliwa akishafukiwa, mwanangu. Mimi bado."

Ulicheka. Mimi sikucheka, kaka.

Kuanzia hapo Jumamosi zako zikawa zake. Ukawaandikia wale wa albamu, wakajibu kwa furaha kwamba toleo linalofuata litakuwa na jina lake kamili, pamoja na wimbo mwingine ambao santuri yake alikuwa ameitunza chini ya kitanda. Lakini mtaa ulikuwa unahama. Leo familia hii imeuza, kesho ile imefungasha. Bwana mmoja wa suti alikuwa haachi kugonga mlango, anataka kununua, na kila mara anauliza afya ya bibi kwa namna ambayo sikuipenda. Kisha nyumba ya jirani ikabomolewa ndani, likabaki ganda, wakaanza kuchimba chini ili wapate chumba cha chini chenye kimo zaidi. Ukuta kati yao na bibi ulikuwa mmoja.

Wa kwanza kujua alikuwa Bibi Earline. Alilalamika kwamba piano yake inapoteza sauti, tena upande wa ukutani tu, na fundi akiirekebisha haikai. Ukaweka kiganja ukutani, ukakiacha hapo muda mrefu. Nilipokuuliza, ulisema, "Inatetemeka."

Ufa ulianzia kwenye ngazi. Mwanzoni ungeingiza ukucha, baadaye ukaingiza kidole. Uliwapigia watu wa jiji, wakaahidi kumleta mkaguzi. Ulimfuata msimamizi wa wachimbaji, akakujibu kwamba nyumba hizi zimesimama tangu enzi za babu zake, haziwezi kuanguka leo. Usiku ule, ukiwa kwangu, hukugusa hata sidii moja. Uliniuliza kama chumba cha pili kinamtosha mtu mzima na kigari chake cha kutembelea.

Bibi alikataa. Alikubali tu siku mlango wa jikoni ulipogoma kufunga. Tukaenda Jumamosi mchana na gari langu. Nguo zake ulishazitoa, naye anashuka ngazi za barazani taratibu huku anabishana nami juu ya kofia. Akakumbuka birika liko jikoni, linachemka. Nilitaka kwenda mimi. Ukanipa mkono wake niushike.

"Nazima gesi, nakuja."

Vumbi lilinifikia kabla ya kishindo. Lilitoka mlangoni jeupe, kama unga. Bibi Earline alinikamata kwa nguvu ambazo sikujua anazo, nisikimbilie ndani, akawa anaita jina lako, jina ambalo siku zote lilimshinda. Siku ile alilitamka sawasawa.

Mkaguzi alikuja baadaye. Kesi bado ipo mahakamani, na ile kampuni ya wachimbaji imebadilisha jina. Mji huu sasa umejaa mashimo, kaka. Wanachimba mchana kweupe, na kwenye migahawa mipya wanatundika picha za waimbaji wa zamani, wateja wanakula chini yake. Nikiingia nyumba yoyote, hata ya ibada, nagusa ukuta kwanza. Wiki hii wamekuja watu wa kupima kiwanja cha nyuma yetu hapa. Sijasubiri kuuliza wanajenga nini. Natafuta pengine pa kuhamia.

Albamu imetoka majira haya ya kuchipua. Jina la Bibi Earline lipo lote, na mbele yake hawakuandika marehemu. Na wewe umo, kwenye shukrani, kwa herufi ndogo, wamekosea tahajia.

Nilimtumia mama nakala moja kwa mkono wa msafiri. Aliisikiliza kwa jirani huko Tukuyu, kisha akanipigia. Hakuuliza juu ya wimbo.

"Yule mama bado yupo?"

"Yupo, mama. Naishi naye."

Nilisikia mvua kwenye bati huko kwao. "Mwambie asife upesi."

Nilimfikishia bibi kwa Kiingereza, neno kwa neno. Siku hizo alikuwa hali chakula, ni chai tu asubuhi na jioni. Alikaa akiitazama mikono yake. Kisha akavuta kiti mezani, akaniomba nimpakulie.

Lala, kaka. Huku macho yangu yako wazi kwa niaba yetu sote.

Mdogo wako,
Tusajigwe